John Lehmann, mhariri ambaye hakungoja miaka thelathini

Mwaka 1932 mwandishi wa riwaya Virginia Woolf alitoa kijitabu alichokiandika kama barua kwa mshairi kijana. Kijana huyo hakuwa wa kubuni. Aliitwa John Lehmann, amezaliwa tarehe 2 Juni 1907, na alikuwa mfanyakazi wa Hogarth Press, kampuni ya uchapishaji ya Virginia na mumewe Leonard. Ofisi ilikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, namba 52 Tavistock Square, London. Ndani ya barua hiyo Woolf alimsihi asichapishe chochote kabla hajatimiza miaka thelathini. Ushauri ulimkuta ameshavuka mto: diwani yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1931, tena kwa Hogarth Press hiyohiyo.

Hapa kwetu ushauri huo si mgeni. Anayeandika mashairi Dar es Salaam ameshaambiwa na malenga wakubwa asome kwanza, ahesabu mizani kwanza, akomae kwanza. Haraka haraka haina baraka. Lakini Kiswahili hichohicho kinajibu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nayasoma maisha yote ya Lehmann kama jibu la upande wa pili, na vita ndivyo vilivyolipa jibu hilo uzito.

Hesabuni umri wa watu hawa. Julian Bell, rafiki wa Lehmann tangu Cambridge na mtoto wa dada yake Virginia Woolf mwenyewe, aliuawa katika vita vya Hispania mwezi Julai 1937 akiwa na miaka 29. Sidney Keyes aliuawa Tunisia mwezi Aprili 1943, miaka 20. Alun Lewis alifia Burma mwezi Machi 1944, miaka 28. Keith Douglas aliuawa Normandy mwezi Juni 1944, miaka 24. Wote walikuwa washairi, na hakuna hata mmoja aliyefika thelathini. Si wote waliopita mikononi mwa Lehmann, kila mmoja alikuwa na wachapishaji wake, lakini hao ndio kizazi alichokuwa akikihariri. Mhariri wa wakati huo aliyemwambia kijana "rudi baada ya miaka mitano" huenda alikuwa anazungumza na marehemu.

Malezi yake nitayapitia upesi. Baba yake, Rudolph Lehmann, alikuwa mbunge wa chama cha Liberal na mwandishi wa gazeti la Punch. Miongoni mwa dada zake ni Rosamond, mwandishi wa riwaya aliyekuja kupata sifa kuliko yeye, na Beatrix, mwigizaji wa jukwaani. Akasoma Eton, kisha Trinity College, Cambridge. Ni mtoto wa tabaka la juu kabisa, na jambo hili lina maana, kwa sababu kurasa alizokuja kuzihariri zilijaa watu wasiokuwa na sehemu hata ndogo ya aliyokuwa nayo.

Aliondoka Hogarth Press mwaka huohuo wa 1932, baada ya mivutano na Leonard, akaenda kuishi Vienna. Huo ndio mji ambao Februari 1934 serikali ilizipiga mizinga nyumba za wafanyakazi. Kutoka katika hali hiyo ndipo alipoanzisha New Writing mwaka 1936, mkusanyo uliotoka mara mbili kwa mwaka kwa umbo la kitabu. Masharti aliyoyatangaza mwanzoni yanafaa kunakiliwa na yeyote anayefikiria kuanzisha jarida. Kwanza, kazi za ubunifu tu, hasa za vijana. Nadharia na uhakiki wa waandishi wenzao vikae nje. Pili, hakuna nafasi kwa wenye fikra za kifashisti, ila jarida si mali ya chama chochote. Tatu, lipokee kazi ambazo urefu au mtindo wake unayashinda majarida ya kawaida. Nne, litafute waandishi wa nchi za kigeni na za makoloni.

Sharti la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa ni la kiufundi kabisa. Kuna hadithi ambazo ni ndefu mno kwa gazeti na fupi mno kwa kitabu. Mwandishi wake huanza kuikata, na akiikata inakufa. Au huivuta iwe riwaya, na akiivuta inapwaya. Lehmann aliona kwamba tatizo halikuwa la waandishi, lilikuwa la vyombo vilivyopo, akatengeneza chombo cha saizi hiyo. Hadithi ya Christopher Isherwood kuhusu familia maskini ya Berlin ilipata nafasi humo kwa urefu wake wote. Katika toleo la pili George Orwell alieleza jinsi alivyompiga risasi tembo akiwa askari polisi Burma. Mulk Raj Anand wa India aliandika humo. B. L. Coombes naye, mchimba makaa ya mawe wa kusini mwa Wales aliyekuwa akiandika akitoka zamu.

Mwaka 1938 Lehmann alirudi Hogarth Press, safari hii si kama mwajiriwa. Alinunua hisa ya Virginia, nusu ya kampuni, kwa pauni 3,000. Mwaka uliofuata vita vikaanza.

Watu wakisimulia fasihi ya wakati wa vita huzungumzia mabomu. Mimi nadhani wazungumzie karatasi. Uingereza ilitegemea sana rojo ya miti kutoka Skandinavia, na Ujerumani ilipoivamia Norway mwezi Aprili 1940 njia hiyo ikafungwa. Serikali ikaweka mgao: kila mchapishaji apate asilimia 60 ya karatasi aliyotumia katika mwaka ulioishia Agosti 1939. Mgao ukapunguzwa hatua kwa hatua hadi kufika asilimia 37.5. Kampuni iliyokuwa ikitumia tani 40 ikabaki na tani 15. Mwaka 1942 yakaja makubaliano ya uchapaji wa kubana matumizi: herufi ndogo, pambizo nyembamba, karatasi nyepesi, sura kuanza bila kuacha kurasa tupu. Ukiwahi kushika kitabu cha miaka hiyo kwa wauza vitabu vya mitumba, utakijua kabla hujasoma tarehe. Kurasa zimegeuka rangi ya chai, na wino wa upande wa pili unaonekana.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya moto yaliteketeza mtaa wa Paternoster Row, uliokuwa kitovu cha biashara ya vitabu London, na vitabu vinavyokadiriwa kuwa milioni 5 viliungua. Miezi michache kabla, Hogarth Press yenyewe, iliyokuwa imehamia namba 37 Mecklenburgh Square, ilipigwa na kuharibiwa. Shughuli za ofisi zikahamishiwa Letchworth, nje ya jiji, kwenye kiwanda cha mchapaji wake. Uhamisho huo uliiokoa kampuni. Mchapishaji anayekaa kwa mchapaji wake huona prufu, yaani nakala ya kusahihishia, siku hiyohiyo, wala hategemei reli iliyokatika.

Hapo ndipo akili ya Lehmann ilipofanya kazi yake kubwa. Mgao wa Hogarth Press ulikuwa mdogo, na ulikuwa na wenyewe: vitabu vya Virginia Woolf na tafsiri za mwanasaikolojia Freud vilikuwa na wanunuzi wa kudumu. Kila rimu aliyopewa mshairi mpya ilinyang'anywa kitabu chenye uhakika wa kuuzika. Penguin, kampuni ya vitabu vya bei nafuu, kwa upande mwingine, ilikuwa imechapa kwa wingi sana katika mwaka ule uliotumika kama kipimo, kwa hiyo hata baada ya kukatwa mgao wake ulibaki mkubwa. Lehmann akaafikiana na Allen Lane, mwenye Penguin, na mwishoni mwa 1940 ikatoka Penguin New Writing.

Tazameni ilivyoundwa. Matoleo ya mwanzo yalichanganya kazi zilizokwisha kutoka katika New Writing ya awali na kazi mpya. Kazi za zamani zilikuwa zimeshahaririwa na kusahihishwa. Zilishika nafasi wakati mhariri akitafuta mpya kutoka kambini na mahandakini. Bei ilianza peni 6. Kwa hesabu ya Afrika Mashariki ya wakati ule, shilingi yetu ikiwa sawa na yao, hiyo ni sumni, yaani senti hamsini. Ukubwa ulikuwa ule wa Penguin zote, kimo sentimita 18, upana sentimita 11, unaoingia kwenye mfuko wa paja la suruali ya askari. Kwanza ilitoka kila mwezi. Kuanzia 1942 karatasi ilipozidi kuadimika ikatoka mara nne kwa mwaka. Baada tu ya vita mauzo yalifika nakala zipatazo 100,000 kwa toleo moja, na nakala moja ilipita mikononi mwa wengi.

Nani aliandika humo? Henry Green na William Sansom, ambao wote walikuwa wazimamoto London, waliandika juu ya moto wakiwa wametoka kuuzima. Demetrios Capetanakis, Mgiriki mzaliwa wa Smyrna, alifika Uingereza akaanza kutunga kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza ukubwani. Lehmann alimpa kurasa na urafiki hadi alipofariki mwezi Machi 1944 akiwa na miaka 32. Mashairi yake ni machache, makavu, kila neno limepimwa. Naona ni ushahidi mzuri kwa wenzetu wanaotunga kwa lugha ya pili: uchache wa maneno si lazima uwe uchache wa ushairi.

Kuna mmoja anayetuhusu moja kwa moja. Roy Fuller, mwanasheria aliyeandikishwa katika jeshi la majini, alipelekwa Kenya mwaka 1942 akiwa fundi wa rada za ndege. Hogarth Press chini ya Lehmann ilikuwa imetoa diwani yake mwaka huohuo, na mwaka 1944 ikatoa nyingine, ambayo ndani yake zimo nyika za Kenya, twiga, na mtu aliyechoka kungoja vita viishe. Ni mashairi ya jicho kali. Lakini wanyama wake wako hai kuliko watu wake, na msomaji wa Afrika Mashariki ataliona hilo upesi. Fuller alikuwa mpita njia mwaminifu. Hakujifanya anaijua nchi.

Wakati Fuller anatazama twiga, upande huu wa mpaka Shaaban Robert, karani wa forodha, mdogo kwa Lehmann kwa miaka miwili tu, alikuwa anatunga utenzi wa vita hivyohivyo, kuanzia 1939 hadi 1945. Mashairi mafupi yalikuwa na pa kwenda. Gazeti la Mambo Leo, lililokuwa likitoka Dar es Salaam tangu 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi na wasomaji waliojibizana kwa beti. Utenzi mrefu haukuwa na chombo cha saizi yake. Ulitoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki. Linganisheni na hadithi zile zilizokuwa ndefu mno kwa gazeti. London alikuwepo mtu aliyekaa na kutengeneza chombo. Inaniuma kila nikifikiria kwamba diwani ya baharia aliyekaa Kenya kwa muda ilifika kwa msomaji mwaka 1944, na utenzi wa bingwa wetu ukangoja miaka ishirini na mbili.

Kwa hiyo wanaoandaa majarida na diwani za pamoja hapa mjini naomba wafanye hesabu ya Lehmann kabla hawajafungua faili la kwanza la mashairi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja inatoa kurasa nne za A5. Jarida la kurasa 64 linakula karatasi 16 kwa nakala. Nakala 500 ni karatasi 8,000, yaani rimu 16 bila jalada. Ongeza rimu moja ya kuharibika, maana mashine ikianza hutafuna. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukifika ukurasa wa 61 mashairi yakaisha, umelipia kurasa tatu tupu. Ukifika wa 65, umelipia karatasi nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ndiyo maana mhariri mwenye ujuzi huweka akiba ya mashairi mafupi ya beti mbili tatu ya kuzibia, na huwa ameshakubaliana na watunzi wake kwamba shairi linaweza kuhamishiwa toleo lijalo.

Ukifunga kwa pini za katikati, kurasa 64 ni karibu na mwisho. Zaidi ya hapo kurasa za ndani hutokeza nje kuliko za juu, na kisu cha kukatia kinakula pambizo ya nje. Kwa nathari si janga. Kwa shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, ni janga, kwa sababu mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, ni mpana, na ukiwa na nafasi kati ya ukwapi na utao, yaani nusu yake ya kwanza na ya pili, unafika ukingoni mwa A5 kwa herufi za pointi 12. Kisu kikipita, kina cha mwisho kinakatwa. Kompyuta nayo ikiona mshororo haujaenea huuvunja wenyewe, neno la mwisho linaangukia mstari wa chini, na beti ya mishororo minne inaonekana ya mishororo minane. Dawa ni kushuka hadi pointi 10, au kuweka pambizo ya ndani na ya nje tofauti tangu mwanzo, kisha kuchapa prufu ya karatasi na kuikunja kwa mkono. Kwenye skrini kosa hili halionekani. Utenzi una nafuu: mishororo ya mizani nane inakaa safu mbili kwa ukurasa bila kubanwa, na kwa njia hiyo utenzi wa beti 200 unakuwa wa kurasa zinazobebeka.

Narudi kwa Lehmann, kwani kuna somo la mkataba. Ubia wake na Leonard Woolf ulikuwa wa nusu kwa nusu, kila mmoja na sauti sawa. Virginia alipokuwa hai mambo yalikwenda. Hata mswada wake wa mwisho ulipita kwa Lehmann: aliusoma, akaupenda, wakati mtunzi mwenyewe anaandika kwamba haufai kutoka. Virginia alijiua tarehe 28 Machi 1941, na kitabu kikatoka Julai mwaka huo. Baada ya hapo walibaki wabia wawili wenye ladha tofauti, na kila kitabu kilihitaji wote waseme ndiyo. Mkono mmoja uliweza kuzuia. Hakuna mkono mmoja ulioweza kuamua. Lehmann alitaka waandishi wapya wa Ulaya na Marekani, Leonard alikuwa mzito. Mwaka 1946 Lehmann alitoa taarifa ya kuvunja ubia, pengine akitarajia kwamba ndiye angebaki na kampuni. Leonard akakubali haraka, na hisa ikaenda kwa kampuni ya Chatto & Windus. Wawili wakianzisha jarida, waandike mapema nani ana kura ya mwisho kwenye uchaguzi wa kazi, na mmoja akitoka nani anabaki na jina.

Akaanzisha kampuni ya jina lake akiwa na Rosamond. Ilitoa vitabu vya kwanza vya Mmarekani Saul Bellow kwa wasomaji wa Uingereza, ikatoa Sartre wa Ufaransa, Seferis wa Ugiriki, na kitabu cha mapishi ya Mediterania cha Elizabeth David mwaka 1950, nchi ikiwa bado inagawiwa nyama kwa kadi. Lakini mtaji ulitoka kwa kampuni ya wachapaji, Purnell, na wachapaji hupima kitabu kwa mwendo wa mashine. Mwaka 1952 walijitoa, kampuni ikafungwa. Penguin New Writing ilikuwa imeshakoma mwaka 1950, baada ya matoleo 40. Amani ilileta karatasi, na pamoja nayo ikaleta vitu vingine vya kusoma. Mwaka huo wa 1952 alihamishia uhariri kwenye redio, akiendesha jarida la kusikilizwa katika BBC.

Na mashairi yake mwenyewe? Alitoa diwani wakati wa vita, mwaka 1942 na 1944. Yameandikwa kwa nidhamu na yana majonzi ya kweli, ila mara nyingi mtunzi amesimama hatua moja nyuma ya dirisha. Nadhani alikijua kipimo chake. Mtu anayesoma miswada ya wengine asubuhi hadi jioni, akajibu barua kwa mkono, akipima kila mshororo kwa sikio lake, ameshatumia sikio hilo kabla hajafika kwenye karatasi yake.

Mwaka 1954 alianza upya na jarida la London Magazine, kwa fedha za kampuni ya gazeti la Daily Mirror na baraka za mshairi T. S. Eliot katika toleo la kwanza. Mwaka 1961 alimkabidhi Alan Ross, mshairi mzaliwa wa Calcutta aliyekuwa baharia kijana katika misafara ya Aktiki wakati wa vita. Lehmann alifariki London tarehe 7 Aprili 1987. Ross aliendelea kulihariri hadi alipofariki mwaka 2001.